Nebula Iliyotoka Uani Kwetu

Jamani, leo nimepatikana. Niacheni nisimulie mwenyewe kabla Bi Mwanaidi, shoga yake mama, hajanitangulia.

Mwaka wa pili huu tangu nihitimu fizikia, kazi sina. Wiki iliyopita mkuu wa shule moja ya sekondari huku Zinga, mwanamama asiyecheka, aliniambia: "Njoo Ijumaa uwaonyeshe wanafunzi hizo picha zako za nyota. Nikiridhika, kuna nafasi ya mwalimu wa muda."

Sikulala siku tatu. (Je, nikipiga chafya? Je, suruali ikichanika?)

Jana baada ya Isha nikasimamisha kamera ya kuazima uani kwetu Kaole, nikailenga nebula ya Orioni. Kwa msioijua, nebula ni wingu la gesi na vumbi huko kwenye nyota. Nikaipanga kamera ipige yenyewe picha arobaini, mimi nikajifungia chumbani. (Niliogopa pumzi zangu zitaitikisa.)

Niliporudi nikafungua picha moja ya katikati. Mashaallah! Wingu la rangi ya chungwa, limejikunja, nyota zinapenya. Machozi yakanilenga. Nyingine sikuzifungua, nisije nikakuta kasoro nikakosa usingizi siku ya nne.

Leo asubuhi ukumbi umejaa. Mama yuko mstari wa mbele na Bi Mwanaidi. Nikairusha picha ukutani. "Mwanga huu umesafiri zaidi ya miaka elfu kutufikia!" Makofi! Mkuu wa shule akaandika kitu. (Nikaanza kuchagua shati la Jumatatu.)

Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, tunaomba tuone na zinazofuata."

Nikabonyeza. Wingu limehamia kushoto. Nikabonyeza. Limekuwa jembamba.

"Nebula... hubadilika," nikasema.

Nikabonyeza tena. Ukuta mzima ukajaa uso wa mama, kanga kichwani, chetezo kinafuka mkononi, anachungulia ndani ya lenzi.

Bi Mwanaidi: "He! Shoga, huko umefikaje?"

Mama akasimama, wala hana wasiwasi. "Nilikifukiza udi, mwanangu. Shati lako nimelifukiza, nikasema kesho ana jambo lake kubwa, na hicho kidude chake nacho kinukie."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu wa shule, yule yule asiyecheka, ilibidi atoke nje.

Akarudi anajifuta macho, akaja mbele na simu mkononi. "Naomba namba."

Nikaanza kumtajia yangu.

"Si yako, kijana. Ya mama. Huo udi anaupata wapi?"

Sasa ni jioni. Tafadhali msinicheke. Simu ya mama imeshaita mara mbili. Yangu nimeikagua kama ina mtandao. Upo.