Bega la Kijani

Jumatatu, 3 Juni

Sasa hivi Kijiko ameilisha kompyuta biskuti. Ameibandika kwenye kioo, chini pembeni, akasubiri kidogo, akasema, "Amekula." Nimefuta makombo kabla bosi hajaona. Mwanangu ana roho nzuri, hata mashine haiachi na njaa. Jina la Kijiko alilipata kwa kuwa hapati usingizi bila kijiko mkononi.

Sasa mambo ya dukani. Jumamosi bosi anachagua nani abaki na kiti cha kompyuta, mimi au Kucha. Duka ni la kuchapa, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, haliwezi kulisha wawili. Kucha anachapa kwa vidole vyote, na kucha zake ndefu zinasaidia. Mimi nachapa kwa viwili, na kimoja kina wasiwasi. Nikikosa kiti narudi kufulia watu, na Kijiko anarudi kushinda kwa bibi yake, asiyesikia hata mlango ukigongwa. Hapa angalau anakaa chini ya meza, miguuni pangu.

Mpango ninao. Kompyuta yenyewe ni ya kizamani. Ukiiwasha inaleta ukurasa wa buluu wenye majina yetu, unachagua lako, unaandika neno la siri ndiyo uingie. Nitaondoa ile buluu niweke picha ya Kijiko. Bosi akiwasha asubuhi anapokewa na mtoto anayecheka. Nani atamfukuza mama wa mtoto huyo?

Fundi simu wa jirani amesema inawezekana, shemeji, ila picha iwe nyepesi, ikiwa nzito mashine inaikataa na kurudisha ya kwake. Nikamvua Kijiko viatu na sweta, nikapiga upya. Fundi amecheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha ameipunguza mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Imekubali! Kijiko juu ya stuli, nyuma yake kile kitambaa cheupe cha pasipoti, kijiko mkononi kama mkuu wa jeshi.

Ila kuna bega. Upande wa kulia, bega la blauzi ya kijani. Kucha ameniuliza nilimshikisha nani mtoto. Nikamwambia hakuna, tulikuwa mimi na yeye tu. Akauliza, kwa hiyo hilo bega limekuja kwa miguu yake? Wivu ule. Nimelikata bega, nimehifadhi upya.

Sina blauzi ya kijani. Kucha pia hana.

Jumatano, 5 Juni

Bega limerudi. Limekuja na kidevu.

Fundi amesema bila shaka nilikata nakala nikaacha picha ya awali. Nikamwonyesha ya awali: Kijiko na stuli, basi. Ameitazama, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Akasema ana wateja. Baadaye nimechungulia kibandani kwake. Yuko peke yake, mgongo ameubana ukutani.

Kijiko ameomba biskuti mbili. Nimemuuliza ya pili ni ya nani. Amenitazama kama vile mimi ndiye mtoto.

Nimeamua nisiogope. Mwoga hapewi kiti. Mpango wa pili: kwenye ukurasa uleule, kando ya kila jina kuna kipicha kidogo. Changu ni ua, cha Kucha ni paka. Nimemwondolea paka, nimemwekea chura. Bosi akiona chura kila asubuhi, atamchoka Kucha kidogo kidogo.

Alhamisi, 6 Juni

Chura yuko kwenye jina langu. Kucha ana ua langu.

Nimewarudisha kila mmoja mahali pake. Nikageuka kumpangusa Kijiko kamasi, kurudi, chura kwangu. Wakati huo Kucha alikuwa mlangoni na mteja, mikono yake yote miwili nikiiona. Bosi akapita, akauliza huyu chura ni nani. Nikasema ni mimi, bosi, napenda sana vyura. Kucha akatoka nje kwenda kuchekea huko.

Aliporudi hakuwa anacheka. Ameniambia polepole, sikiliza, dada, na wewe naweza kushindana, ila na huyu siwezi. Akanionyesha picha. Kidevu kimepata mdomo. Pembeni ya mdomo kuna kombo la biskuti.

Nimesugua kioo kwa kitambaa. Halitoki. Liko ndani.

Ijumaa, 7 Juni

Bosi ametutangulia. Nimemkuta amesimama mbele ya kompyuta, funguo mkononi, hata dirisha hajafungua. Uso umetimia. Mwanamke wa makamo, macho ya upole, amemwinamia Kijiko kama anayemnong'oneza.

Bosi ameuliza picha ya dada yake nimeitoa wapi. Kumbe kiti hiki kilikuwa cha dada yake mpaka alipofariki. Alipiga picha mtaa mzima, mwenyewe hakukubali kupigwa hata moja. Alikuwa akisema atapigwa siku atakayopata mtoto wa kumpakata. Hakujaliwa.

Ulimi wangu ukanitangulia. Nikasema nimeitengeneza mwenyewe, bosi, kwa heshima ya marehemu, niliulizia sura yake kwa majirani nikaungaunga. Bosi akalia. Kiti akanipa palepale, Jumamosi hakuingoja.

Kucha amebeba mkoba wake. Mlangoni amenishika mkono, akasema kiti chukua, mama, ila mtoto mrudishe kwa bibi yake. Nimemsamehe. Kukosa kiti kunauma.

Jumamosi, 8 Juni

Mimi ndiye mwenye kiti! Nimekikuta kina joto. Nadhani ni jua, japo dirisha liko upande mwingine.

Bosi anataka nimtengenezee picha nyingine ya dada yake, kubwa, ya ukutani. Amekwenda kutafuta fremu. Sijababaika. Nimemkalisha Kijiko kwenye stuli, nikaacha nafasi upande wa kulia, nikaweka na biskuti. Nikaomba kwa sauti, dada, kama hutojali, safari hii ufunge na kile kifungo cha juu cha blauzi. Nikapiga. Nikaiweka kwenye ukurasa wa kuingilia, nikazima, nikawasha.

Ametoka vizuri sana. Kifungo amefunga. Amempakata Kijiko, wanacheka wote wawili.

Sasa nafikiria mbali. Kama huyu amekuja kwa biskuti, na wengine watakuja. Watu wangapi wamepotelewa na wapendwa wao bila kubaki na picha? Nitaandika kibao nje. Kucha nitamwita anisaidie kuchapa.

Kijiko yuko nyuma ya kitambaa cheupe, namsikia akicheka na kujibu maswali. Kuna mtu ananiita huko. Sauti ya mwanamke, ya adabu kabisa. Anasema, "Mama Kijiko, njoo basi tupige ya watatu, nafasi ipo." Lazima ni mteja wa pasipoti, sikumwona akiingia. Ngoja niweke kalamu chini nika