Siku ya Msamaha wa Kanyakine

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimepata wazo! Kubwa. Kubwa kuliko yote.

Lilinijia kwenye kinu cha kusaga mahindi. Foleni ndefu. Mbele yangu Kanana, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Mbele yake Gatakaa, yule mwenye sauti, anayeongoza kwaya na kila shughuli ya mazishi. Wamepeana migongo kama mbuzi walionyimwa chumvi. Hawajasemezana tangu Gatakaa asimame kwenye mazishi ya mzee fulani, ashukuru kila mtu hadi aliyechota maji, na asahau kumtaja Kanana aliyepika siku nzima na nyingine. Kijiji kizima kimegawanyika. Kwaya imepoteza sauti ya pili.

Nikajiambia: Mwirigi, watu hawa hawahitaji unga. Wanahitaji tukio lenye maana!

Nimekwisha kuipa shughuli yangu jina. Daraja la Mioyo. Mimi ndiye mwanzilishi na mkurugenzi. Tukio la kwanza: Siku ya Msamaha wa Kanyakine. Maadui wote watakaa meza moja. Watalia. Watakumbatiana. Kutoka hapa twende Nkubu, Meru mjini, Embu, nchi nzima!

Nilimweleza mke wangu, Kinya. Akauliza kama ndugu yangu Marete atakuwa kwenye meza. Marete anaishi ng'ambo ya ua. Hatuzungumzi, kwa sababu ya mti wa makadamia uliokuwa mpakani. Yeye alisema wake, mimi nikasema wangu. Upepo ukauangusha, kila mmoja akachoma kuni za upande wake. Mti umekwisha, neno limebaki.

Nikamweleza Kinya kwa upole kwamba tukio hili ni la jamii, si la mambo ya nyumbani. Kiongozi hachanganyi. Aliinuka akaenda kukama ng'ombe.

Jumatano, 15 Oktoba

Meru mjini! Nimepata hema. Rahmo ndiye mwenye mahema, viti na sufuria za kukodisha, mama mkali mwenye duka karibu na msikiti. Nikamweleza maono yangu yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza akihesabu vikombe. Kisha akauliza kama hao maadui wanajua watawekwa pamoja.

Nikacheka. Hawajui! Wakijua watakuja?

Akaniuliza tena kama mimi nina mke. Sikuelewa uhusiano. Akasema mjomba wake Bulle ataleta hema kwa lori siku ya tukio, Jumamosi tarehe 25, na vijana wake watalisimamisha. Nikakataa vijana. Hema la jamii husimamishwa na jamii. Rahmo akasema, "Baba, hema halishikwi na jamii. Linashikwa na vigingi."

Wafanyabiashara! Hawana ushairi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mialiko. Nimezunguka hadi viatu vimecheka. Nilimwambia Kanana kuwa siku hiyo kuna mtu muhimu sana ataheshimiwa mbele ya watu, na mtu huyo ni yeye. Alijipangusa macho kwa leso. Kisha nikaenda kwa Gatakaa nikamwambia kuna mtu muhimu sana ataheshimiwa mbele ya watu, na mtu huyo ni yeye. Akaanza kupasha sauti pale pale.

Si uongo. Wote wataheshimiwa. Sikusema watakuwa wangapi.

Naibu chifu amefurahi. Amesema atakuja na hotuba. Nimemwomba iwe fupi. Akasema hotuba zake ni fupi tangu zamani. Mungu atusaidie.

Jambo moja tu linanikera. Marete anajenga. Banda jipya la ng'ombe, kubwa, mabati yanang'aa hadi macho yangu yanauma nikiwa jikoni. Nyundo tangu asubuhi. Ko! Ko! Ko! Kwa nini juma hili? Nimemwambia Kinya haya ni mashambulizi. Amesikia nina tukio, naye anataka tukio lake. Kinya amesema ni banda la ng'ombe.

Ndivyo anavyotaka tudhani.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimetangaza kanisani! Mchungaji alinipa nafasi ya neno moja. Nikatumia zaidi kidogo, kwa sababu Roho alikuwa akinisukuma. Baadaye mchungaji ndiye aliyenisukuma.

Nje, watu walinizunguka. Msisimko wa ajabu! Wote waliuliza jambo moja: kutakuwa na chakula gani? Nikawaambia hawatakuja kwa ajili ya chakula, watakuja kwa ajili ya kusudi. Mzee mmoja akaanza kuondoka. Nikasikia mdomo wangu ukisema pilau.

Shangwe! Waliuliza nani atapika. Mdomo ukasema Kinya.

Nitamwambia Kinya nikipata nafasi nzuri.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kinya ameambiwa. Na Kanana, kisimani. Si nafasi nzuri.

Amerudi akaweka mtungi chini polepole, jambo ambalo ni baya kuliko kuutupa. Akasema, "Baba Kendi, mdomo uliopika na upakue." Akasema hatapika pilau, wala hatachambua mchele, wala hatanionyesha sufuria ilipo.

Lakini mtu wa maono hukwama? Hakwami! Nimegeuza pigo kuwa mpango. Kila nyumba italeta chakula chake. Kushirikiana! Nashangaa sikulifikiria hili tangu mwanzo. Karibu nimshukuru Kinya, ila uso wake haukuniruhusu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mwalimu mkuu amekataa uwanja wa shule. Watahiniwa wako kwenye mtihani, anataka utulivu. Nikamwambia hata msamaha ni mtihani. Akafunga lango.

Afadhali! Nimepata mahali bora mara mia. Kilele cha kilima juu ya shamba la Marete. Ardhi ya kanisa, si yake, nimehakikisha. Unaona mashamba ya chai, unaona migomba, ukibahatika unaona mlima wenyewe. Picha zitakuwa za kupendeza.

Bulle alinipigia kuuliza lori litafika wapi. Nilipomwambia kilimani akauliza kuhusu upepo. Nikamwambia ni hewa safi. Kinya naye ametoa kidole dirishani, akasema hii ni mvua ya vuli, mbona nisingoje Januari. Nikamjibu kwamba mvua ni baraka.

Ko! Ko! Ko! Banda la Marete limekwisha ezekwa. Hajaweka ng'ombe bado. Bila shaka anasubiri nione.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nitaandika yote, mkono ukikubali.

Asubuhi, jua! Hema lilisimama. Limeinama kidogo upande wa Nkubu, lakini limesimama. Bulle alitikisa nguzo moja, akasoma dua ya chini chini, akaenda kuegesha lori mbali.

Watu walikuja! Walijaa! Masufuria, ndizi za kupika, viazi, nkima, ule mseto wa kijani wa viazi na mahindi uliopondwa vizuri na majani ya malenge, chai kwenye madebe. Nikawakaribisha kwa kipaza sauti. Nikawapeleka Kanana na Gatakaa kwenye meza ya mbele. Walipoonana walikauka. Lakini kila mmoja alikuwa amevaa nguo ya kuheshimiwa, hakuna aliyetaka kuondoka kwanza.

Naibu chifu akahutubu. Hata mawingu yalifika kusikiliza.

Kisha nikasema wakati umefika, mgeni wetu wa heshima asimame.

Wakasimama wote wawili.

Kanana akamwambia Gatakaa akae, heshima hii ina mwenyewe. Gatakaa akasema kweli ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyesimama. Kanana akauliza mbele ya watu wote ni nani aliyepika kwenye yale mazishi. Gatakaa akasema kama ni kupika, basi harufu ya maharagwe yale kuungua hata marehemu aliisikia. Eee! Upande wa Kanana ukainuka. Upande wa Gatakaa ukainuka. Watu waliokuja bila ugomvi wowote walitafuta upande. Mzee mmoja akamkumbusha mwenzake kuhusu kuku wa mwaka wa corona. Nilipiga kelele kwenye kipaza sauti: kumbatianeni! Kumbatianeni!

Ndipo baraka ikanyesha.

Haikuanza kwa matone. Ilimwagwa. Upepo ukaingia chini ya hema kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Nikashika nguzo. Nguzo ikaondoka, nami nikiwa nayo. Kwa kitambo Daraja la Mioyo liliruka, mwanzilishi akiwa miguu hewani. Nikaachilia. Hema likaenda kulala juu ya migomba.

Watu wakanyakua masufuria wakakimbia. Wakakimbilia wapi? Paa la karibu. Paa jipya, pana, linalong'aa. Banda la Marete! Wote! Naibu chifu mbele kabisa, hotuba kichwani kama mwavuli. Hata Kinya, mke wangu wa ndoa, na sufuria ya nkima ambayo sikujua ameipika.

Nilibaki kilimani peke yangu na kipaza sauti. Nikakitumia mara moja. Nikasema, "Ratiba inaendelea." Kikafa.

Nikateremka hadi kwenye ua, nikasimama upande wangu. Sijakanyaga kwa Marete tangu mti ule. Kupitia mbao niliona moto umewashwa. Moshi, mvuke, vicheko. Gatakaa alikuwa anatetemeka, kitambaa chake cha kichwa kimekuwa uji. Kanana alimtazama. Akamtazama tena. Kisha akatoa leso kavu kwenye kikapu chake akamfunga mabegani, kwa nguvu, kama anayemfunga mtoto mtukutu. Gatakaa akaishika leso kwa mikono miwili. Halafu akapanda juu ya marobota ya nyasi akawaambia watu wanyamaze. Akasema kwenye yale mazishi alisahau jina moja, na usiku ule ule alikumbuka, ila aibu ikamzuia, na siku zilivyopita aibu ikanenepa. Akasema, "Kanana, asante kwa chakula. Maharagwe yalikuwa mazuri." Kanana akasema yaliungua kidogo. Banda likalipuka! Makofi, vigelegele, sauti ya pili ikarudi kwenye kwaya.

Hiyo ilikuwa ratiba yangu! Neno kwa neno! Na mimi niko nje!

Marete akatoka na gunia kichwani. Akaja hadi kwenye ua, upande wake. Tukatazamana. Amezeeka. Anafanana na baba.

Akasema, "Mwirigi, unanyeshewa."

Nikamwambia najua.

"Ingia basi."

Nikamweleza kwamba mratibu hawezi tu kuingia, kuna itifaki, kuna hema la kufuatilia.

"Ingia, chakula kinapoa."

Nikavuka pale pale palipokuwa na mti. Matope yalishika kiatu changu kimoja, Marete akanivuta kwa mkono. Akanikalisha juu ya robota la nyasi, akanipa sahani ya nkima, akakaa. Hatukutaja mti. Aliuliza kama ng'ombe wetu bado anakohoa. Nikasema amepona. Akasema alikuwa akimsikia akikohoa na hakujua amuulize nani.

Nililia kidogo. Moshi ulikuwa mwingi mle ndani.

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani watu walipanga foleni kumshukuru Marete. Marete! Kwa banda! Mchungaji amesema kutoka madhabahuni kwamba Mungu alitumia zizi kwa mara nyingine. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyewakusanya hao waliokimbilia zizini. Bila hema langu kuruka wangekimbia?

Nilikasirika hadi nyumbani. Nikamkuta Marete jikoni kwetu. Amekuja kuazima wilbaro ya kubebea samadi. Alikaa chai ya kwanza, akakaa ya pili, akasimulia jinsi nilivyoruka na nguzo, Kinya akacheka hadi akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mavuno ya mwaka juzi. Nikacheka pia. Wilbaro aliisahau.

Alipoondoka Kinya aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia mengi sana! Kilima hapana. Banda ndiyo.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anajivunia.

Jumanne, 28 Oktoba

Sikuweza kusinzia kwa furaha! Rahmo ameniita dukani, hema limechanika mahali pawili, na amenipa uzi, sindano na maneno. Nikayapokea yote kwa unyenyekevu huku akili ikiwa mbali, kwa sababu nimepata wazo.

Kubwa kuliko yote!

Kongamano la Ndugu Waliokosana! Imenti Kusini nzima! Halafu Embu! Siku mbili, watu kulala huko huko, nyimbo, ushuhuda, ng'ombe wa kuchinja. Nimempata Gatakaa wa kuongoza nyimbo, Kanana wa kupika, naibu chifu ameanza hotuba. Bulle atabeba wajumbe kutoka Manyatta, kule Embu. Nimetangaza kwenye redio ya hapa kwetu asubuhi hii, moja kwa moja, hadi mtangazaji akaniomba nipumue. Ni Jumamosi hii! Mahali: banda la Marete.

Marete hajui bado. Atafurahi sana! Ng'ombe wake anawaleta Ijumaa, lakini hilo nimelitatua. Watalala kwetu, jikoni.

Kinya naye hajui bado.