Ndoo za Nana Akua

Madina, Accra

Kwa Mkuu wa Ukoo,
Opanyin Kwadwo Asiedu,
Nyumba Kubwa, Ejisu.

Mjomba Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA UKOO MZIMA KWA KUZALIWA SIKU ZISIZO ZAO

Nakusalimu nikiwa nimevua viatu, ingawa kwa barua huwezi kuthibitisha. Ni mimi mpwa wako Yaw Sarpong, yule wa kompyuta, ambaye mwaka mzima hakumbukwi mpaka runinga ya sebuleni igome. Natumai goti limepoa na wa nyumbani hawajambo.

Nakuandikia kwa masikitiko. Kama ujuavyo, bibi yetu Nana anatimiza miaka themanini, na shukrani yake kanisani ni Jumapili ijayo. Ni wewe mwenyewe uliyeniagiza nitengeneze programu ya kuandaa kadi, viti na zawadi za wageni. Nikaitengeneza. Kwa kuwa kila mtu wa ukoo huu huitwa kwa siku aliyozaliwa, niliona ni kupoteza muda kuwauliza watu majina yao ilhali tarehe zao za kuzaliwa ninazo. Mashine inapewa tarehe, inatafuta siku, inatoa jina. Wa Jumatatu ni Kwadwo kama wewe, wa Jumanne ni Kwabena, wa Alhamisi ni Yaw kama mimi, au Yaa akiwa mwanamke. Kazi safi kabisa. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike, nami nayapanga kwa namba ili yasipotee kikaoni.

1. Imebainika kwamba ukoo mzima unatumia majina ya watu wengine. Wewe Mjomba, kwa mujibu wa mashine, ni Kwabena. Mama Mdogo Yaa ni Afia. Binamu Kofi ni Kwame. Mwanzoni nami sikuamini, nikaizima kompyuta na kuiwasha tena, ambayo ndiyo tiba kubwa kuliko zote katika fani yetu. Ikarudia yale yale. Katika watu wote waliomo humo, mmoja tu alikutwa na jina lake halali, naye ni mimi. Kwa kweli ndivyo nilivyoipima programu kabla ya kuwaletea: niliingiza tarehe yangu, ikajibu Yaw, nikajua ni nzima, nikaenda kula.

2. Badala ya shukrani nimepata matusi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mama Mdogo aliandika kwamba yeye ni wa Alhamisi, na kwamba shahidi wake ni mama yake mzazi, aliyekuwepo. Nikamjibu kwa heshima kwamba siku hiyo mama mzazi alikuwa na mambo mengi. Akanitoa kwenye kundi. Ni huyu huyu aliyenipigia simu nikiwa kazini kuniuliza nani kaziba kamera yake, kumbe ni kidole chake. Ni huyu huyu aliyeandika neno lake la siri ndani ya Biblia, kisha akaiazima Biblia kwa kwaya. Binamu Kofi naye alifungua kalenda ya simu yake, ikamuunga mkono, wote mkashangilia. Mjomba, kalenda ile imeandikwa na mtu tusiyemjua, wala hatujui siku hiyo aliamkaje. Ninyi mnaniamini kwenye jokofu, ambalo sikulisomea, halafu kwenye kompyuta mnaniomba ushahidi.

3. Wewe binafsi ulisema kikaoni kwamba niirekebishe tu. Samahani, lakini neno hilo husemwa na watu ambao hawajawahi kuandika programu. Hii niliiandika wakati wa harmattan, ule upepo wa vumbi kutoka jangwani, nina mafua, na sasa hata mimi sijui kwa nini inafanya kazi. Kuna mstari mmoja pale katikati ambao hauna faida yoyote ninayoiona, ila nikiufuta kila kitu kinazimika. Nimeuacha na ninaupa heshima zake. Kuifungua programu ya namna hiyo ni hatari. Kuurekebisha ukoo ni rahisi zaidi, maana ukoo angalau unaweza kuelezwa.

4. Hili ndilo linalonikosesha raha. Programu ilipeleka majina moja kwa moja kwa mpiga chapa, na ndoo za kuwapa wageni zimekwisha tengenezwa. Kila ndoo ina picha ya Nana akitabasamu, na chini yake kwa rangi ya dhahabu: NANA AKUA SERWAA, MIAKA 80. Mama anasema Nana aliishika moja, akaigeuza, akaisoma bila miwani, kisha akasema kwa upole: “Ndoo nzuri. Mpelekeeni mwenyewe.” Maana yeye anajiita Abena, wa Jumanne, si Akua wa Jumatano, na Akua pekee anayemjua ni yule muuza vitunguu wa jirani, waliyenuniana naye tangu mimi sijazaliwa. Ametangaza kwamba hatakwenda kanisani kwenye shukrani ya Akua, wala hataonja fufu ya Akua. Watu watatoka Kumasi na Takoradi kuja kuketi mbele ya kiti kitupu.

Na hanipigii tena simu. Mjomba, kila asubuhi, kabla sijanawa uso, Nana alikuwa akinipigia. Anaita “Yaw?”, naitika, anakata. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Nilizoea kulalamika kwamba ananikatiza usingizi, na nilifikiria hata kumwandikia programu ya kuitika badala yangu. Sasa naamka mwenyewe, nimechelewa, na imeniuma.

Kwa sababu hizo naomba uitishe kikao na kuamuru kila mwana ukoo achukue jina alilopewa na mashine. Uanze wewe, Mjomba Kwabena, wengine wakuige. Naahidi kusaidia kubadilisha majina kwenye simu za watu wote, bila kunung'unika, hata simu ya Mama Mdogo.

Ikiwa majina hayahamishiki, basi ihamishwe wiki. Nimelifikiria sana jambo hili, na ni jepesi kuliko linavyosikika. Uzungumze na mchungaji ili siku ambayo watu wengine wanaiita Jumatatu, sisi Ejisu tuiite Jumapili, na nyingine zifuate kwa mpangilio. Mazishi yatasogea kidogo, soko litazoea, na benki hazina haraka siku zote. Nana atarudi kuwa Abena kwa mujibu wa mashine, wewe utarudi kuwa Kwadwo, na hakuna atakayepoteza chochote isipokuwa mtu mmoja. Katika wiki hiyo mpya, mimi peke yangu nitatoka Alhamisi na kuwa wa Jumatano, yaani Kwaku. Niko tayari kwa mhanga huo, ilimradi Nana akae kwenye kiti chake Jumapili, hata iwe Jumapili ya yeyote.

Nisalimie wote wa Nyumba Kubwa, walionitoa kwenye kundi na walionyamaza nilipotolewa. Mwambie Binamu Kofi asiiguse runinga mpaka nije. Goti ulipake dawa.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, mwenye jina lililothibitishwa na mashine,

Yaw Sarpong

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nilimpigia Mama, nikitaka aniandikie ushahidi kwamba nilizaliwa Alhamisi, niuambatanishe. Mama alicheka mpaka akashindwa kusema, akampa Nana simu. Nana hakunisalimu. Alisema: “Wewe ni wa Jumatano. Nilikuogesha mimi mwenyewe. Babu yako Yaw tulikuwa tumemzika mwaka ule ule, na mimi nilishazoea kuliita jina lake kila asubuhi. Nikamwomba baba yako akupe wewe jina hilo, nipate wa kumwita.” Baba, ambaye kumpa mtoto jina ilikuwa haki yake, alikubali.

Basi nimeifungua programu. Mashine huanza kuhesabu siku kwa sifuri, mimi nikaiongezea moja nikidhani imesahau, na ukoo mzima ukasogea siku moja mbele. Mtu pekee niliyemtumia kuipima ndiye pekee kati yetu asiyeitwa kwa siku yake. Kuirekebisha kumechukua muda mfupi kuliko kuandika lalamiko la kwanza. Wewe ni Kwadwo, Mama Mdogo ni Yaa, wiki ibaki ilipo, na mchungaji asiambiwe lolote. Ndoo nyingine zinachapishwa kwa jina la Abena, na Nana amekubali kuja. Katika zile za zamani ameomba moja, ampelekee Akua wa vitunguu.

Sasa mashine inawapatia wote majina yenu, ila mimi inashikilia kuniita Kwaku. Nimeiongezea mstari mmoja: huyu usimhesabu, mwite Yaw. Wenzangu kazini wanasema mstari wa namna hiyo ni uchafu katika programu, na wana haki, lakini hautoki. Leo asubuhi simu imelia kabla sijanawa uso. Ameita, nimeitika, akakata.