Pingamizi Dhidi ya Kuvunjwa kwa Choo cha Uani

Mpwa wangu mpendwa, Msimamizi Mkuu wa Ukarabati wa Nyumba ya Mama Yako,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba choo ni mahali pa kwenda haja tu. Nakusamehe, kwa kuwa tangu uoe umeishi kwenye nyumba za vigae na umeanza kusahau. Nitakueleza polepole, kama nilivyowaeleza wanafunzi hesabu za sehemu kwa miaka thelathini na miwili.

Nimesikia kwamba Jumamosi unaleta fundi avunje choo cha uani, ajenge kingine ndani, karibu na chumba cha mama yako, kwa sababu magoti yanamsumbua. Magoti ya dada yangu nayaheshimu. Hata hivyo, mimi niliyezaliwa katika nyumba hii na ninayeishi humu naye, naweka pingamizi kwa hoja zifuatazo:

1. Choo kile kilitufundisha adabu. Hakikuwa na komeo. Ukikaribia unakohoa, aliye ndani naye anakohoa, nawe unarudi kusubiri. Kila mtu alikuwa na kikohozi chake. Watoto wako wana milango yenye funguo, na hawajui hata kukohoa.

2. Kilikuza vipaji. Mama yako, unayemwona leo ametulia na miwani yake, alikuwa hodari wa kuiga kikohozi cha baba yetu, yaani babu yako. Zamu yake ya kusugua masufuria ikifika, anajificha chooni. Anayemfuata anajibiwa kwa kikohozi cha baba, anaondoka kwa heshima zote. Siku moja aliyemfuata alikuwa baba mwenyewe. Akakohoa. Akajibiwa kwa kikohozi chake. Alisimama kidogo, akasema, "Samahani, mzee," akarudi barazani. Mama yetu alipomuuliza mbona amerudi upesi, akajibu, "Kuna mtu. Nadhani ni mimi."

3. Kilikuwa maktaba yetu. Baba alikata magazeti ya zamani vipande vinne vinne, akavitundika kwenye msumari. Habari zote nilizisoma nusu, ndiyo maana hadi leo kuna vita ambavyo sijui viliishaje.

4. Hoja hii isome ukiwa umekaa. Mama yako alikuwa akiandikiwa barua na fundi saa mmoja, kijana mwembamba, naye akizificha katikati ya magazeti hayo. Baba akakata yote bila kuangalia. Asubuhi moja akatoka uani ameshika kipande, anatuuliza, "Nani huyu anayeandika, 'tangu nikuone siwezi hata'? Hawezi hata nini?" Tulitafuta kipande cha pili kote. Kilikuwa kimeshatumika, na aliyekitumia ni mimi. Baba hakuwa mtu wa kulala na sentensi isiyokamilika. Mama yako alipokiri, baba akamwita fundi saa aje aimalizie kwa mdomo. Kijana akaja, jasho linamtoka, akasema hawezi hata kukaza skrubu bila mkono kutetemeka. Baba akaridhika, akamkaribisha chakula. Mwaka uliofuata yeye na mama yako wakaoana.

5. Sasa fuatana nami. Bila choo hakuna kipande. Bila kipande hakuna wito. Bila wito hakuna ndoa. Bila ndoa, mpwa wangu, hakuna wewe. Fundi wako atakaponyanyua sururu Jumamosi, atakuwa anabomoa chanzo chako mwenyewe, nawe umesimama kando ukimwonyesha pa kuanzia.

Naomba basi choo kiachwe, kipakwe chokaa, na wewe na wanao mkipitie kila mkija kututembelea, mtoe shukrani.

Nisalimie mkeo, watoto, jirani yako mwenye redio, na fundi pia, kwani yeye katumwa tu.

Ni mimi mjomba wako,
mwalimu mstaafu, mwenye msimamo usioyumba.

Nyongeza: Nimempa mama yako aisome barua hii kabla sijaituma, anisahihishie kumbukumbu. Amecheka hadi machozi, kisha akaniambia kwamba choo ninachokisimulia kilijaa, kikafukiwa kabla hujazaliwa. Hiki cha sasa alikijenga baba yako, na kila mvua iliponyesha alikuwa akikilaani. Baada ya hapo akainuka kwenda huko. Nimemtazama dirishani: fimbo mkono huu, mwavuli mkono ule, na mara tatu amesimama kwenye matope kupumzika. Usingoje Jumamosi. Mlete fundi leo.