Gorogoro Yangu Kwenye Mtandao

Kwa heshima kuu, Mwalimu Nyaruai,
Klabu ya Wanahabari Wanafunzi, Kitale.

Pokea salamu za mzazi mwenye uchungu. Mimi ndimi baba yake Nakhungu wa kidato cha tatu, muuza mahindi soko la Kamukuywa. Nalalamika hivi:

1. Likizoni Nakhungu alikuja kibandani na kamera ya shule, akasema ni kazi ya mwalimu. Nikadhani ni mtihani. Kwangu mwalimu hadanganywi, kwa hiyo alipouliza mbona kitako cha gorogoro yangu, mkebe wa kupimia mahindi, kimeingia ndani, nilijibu kweli tupu. Nyundo pia nilimwonyesha.

2. Mkaiweka video kwenye mtandao. Ingekuwa ya uongo, ningeikanusha kanisani. Ni ya kweli, sasa nifanye nini?

3. Kubonyeza gorogoro ni desturi ya soko zima. Kila mtu anajua, kwa hiyo hakuna anayeibiwa. Lakini Mama Phelista, mteja wangu wa tangu zamani, siku hizi hanisalimii kwanza. Husema, "Reta nione chini yake, bana!"

4. Pasta amehubiri juu ya mizani ya haki, macho amenikazia mimi. Nyumbani wadogo zake Nakhungu wanageuza vikombe kabla ya kumiminiwa uji.

5. Karo ya Nakhungu hutoka katika gorogoro hiyohiyo. Wateja wakiisha, atarudi nyumbani, na hapo klabu yenu itakuwa imemfukuza mwanahabari wake. Hilo linaniuma kuliko yote.

Naomba muifute video hiyo, na wanafunzi wapige picha za Mlima Elgon. Mlima hauna wateja.

Wasalimie walimu wote, mpishi, na hata aliyewanunulia kamera.

Ni mimi mzazi mwenzenu,
Makokha Wekoye.

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Leo madalali wanaonunua mahindi yetu kwa jumla wamekuja na lori na mizani yao. Gunia langu, lililojaa hadi likashonwa kwa taabu, mizani ikasema ni pungufu. Nimelalamika, wakanicheka mbele ya soko zima. Alhamisi wanarudi. Tafadhali Mwalimu, video msiifute kwanza, na mumtume Nakhungu na kamera. Nitasimama mbali wasijue ni wangu. Huyo mtoto hamwogopi mtu, hata babake.