Nyumba ya Tano

Velizar aliwaona wanawake watatu kituo cha tramu, saa tatu asubuhi, wamesimama mbele ya ramani ya mji kana kwamba wanaisubiri ianze kuzungumza, na moyo wake ukachangamka. Ilikuwa tarehe kumi na tisa Desemba. Kwa mtu mwaminifu, hiyo ni siku ya Mtakatifu Nikola, basi. Kwa Velizar ilikuwa siku ya mavuno.

Siku hiyo Belgrade hugawanyika mara mbili: nusu ya mji hupika, nusu nyingine hula. Kila ukoo una mtakatifu wake, na Nikola ana koo nyingi kuliko wenzake wote mbinguni, kwa hiyo kila ngazi unayopanda inanukia samaki wa kukaanga. Na slava, sikukuu hiyo ya mtakatifu wa ukoo, haina mwaliko. Anayekumbuka huja, anayekuja hulishwa, na tangu enzi za babu wa babu zetu hakuna mwenyeji aliyewahi kumwuliza mgeni mlangoni, "Na wewe ni nani?" Ni aibu. Velizar alikuwa amelichunguza neno hilo, aibu, kwa miaka mingi, kama fundi anavyochunguza kitasa, akagundua kwamba ndiyo ufunguo wa kila mlango.

"Mabibi zangu," alisema, kofia mkononi, kwa Kiingereza alichokiokota kwenye hoteli tatu zilizomfukuza, "ramani hiyo itawapeleka makumbusho. Mimi nitawapeleka kwenye sufuria."

Walikuwa marafiki kutoka Poland, walioketi dawati moja tangu shule ya msingi. Bogna, mfamasia mstaafu, alikuwa mnene na mwenye njaa. Ludka alipiga picha kila kitu, hata jalala. Halszka, mrefu, mwenye viatu vya kamba vilivyofika magotini, alikuwa afisa wa forodha kwa miaka thelathini na mmoja.

"Ngome na mito kwanza," Velizar aliendelea, "kisha nyumba tano za wenyeji wanaopika kwa oda yangu. Nyumba ya tano ndiyo kilele. Kuna mama mmoja mtaa wa Karaburma, ghorofa ya chini. Maharage yake yanaoka tangu jana, vitunguu vimeyeyuka mpaka vimekuwa asali. Anafunga wali na jozi ndani ya majani ya kabichi, vifungu vidogo kama kidole cha bibi harusi. Na ukimaliza sahani anakutazama kana kwamba wewe ndiye umemfanyia hisani."

Hakujua kwa nini alisema hayo ya mwisho. Alihitaji nyumba ya tano ili bei itimie, na mdomo ukaenda ulikozoea kula.

"Bei?" aliuliza Halszka.

"Euro mia kila mmoja. Inalipwa mapema, maana wenyeji wanapenda heshima."

"Na mimi napenda kitambulisho."

"Cha nini, mama?"

"Cha kukaa mkobani mwangu mpaka nyumba ya tano."

Velizar alikitoa bila kupepesa jicho, akapokea fedha. Kitambulisho kikipotea unaomba kingine. Lakini koti la ngozi ya kondoo, lenye kola ya manyoya, linaloning'inia dirishani kwa Mzee Ljubisav mtaa wa Balkanska kwa euro mia tatu, hilo haliombwi. Mzee alikuwa ameapa kumwekea mpaka saa kumi na moja jioni, si dakika moja zaidi. Velizar alikuwa amepita mbele ya dirisha lile tangu Oktoba, ndani ya jaketi jepesi ambalo upepo wa Danubi uliingia mbele na kutokea nyuma bila hata kupunguza mwendo.

Juu ya ngome alinyoosha mkono kuelekea mito miwili inapokutana. "Pale mfalme wetu alimwoa binti wa adui yake juu ya mashua, samaki wakashuhudia."

"Kitabu changu hakisemi hivyo," alisema Halszka.

"Kitabu chako, mama, hakikuwepo harusini."

Bogna akacheka mpaka akashika ukuta. Hapo simu ya Velizar ikaita, na ikatoka sauti ya mwanamke aliyezoea kuita watu kupitia dirishani.

"Velizar, mwanangu, unakuja? Nimeweka sahani kumi na mbili."

"Nakuja mama, jioni, nikimaliza kazi."

"Hata mwaka jana ulisema jioni. Maharage yakaliwa na mbwa wa Sreten. Sreten mwenyewe hakuja. Hakuna aliyekuja."

"Mama, niko na wateja."

Akakata simu na kupiga chafya isiyokuwa na mafua. Alijua kwa nini Sreten haji, wala jirani yeyote wa jengo lile. Miaka mitatu iliyopita aliwauzia wote kuni za majira ya baridi, tani kumi, bei ya kirafiki. Kuni zenyewe zilikuwa bado ni miti ndani ya bustani ya umma, na mpaka leo ziko wima, zinachipua majani kila Aprili. Tangu hapo, kila siku ya Nikola, Mama Stamenka huwasha mshumaa, huketi mbele ya sahani kumi na mbili, na mlango haugongwi.

Halszka alikuwa ameegemea mzinga wa zamani, macho mtoni. Kipolandi na Kiserbia ni wajukuu wa nyanya mmoja. Na afisa wa forodha hahitaji kuelewa kila neno. Linamtosha lile ambalo msemaji alitaka lisisikike.

Nyumba ya kwanza waliipata kwa pua. Velizar alinusa chini ya ngazi, akapanda ghorofa tatu, akagonga penye viatu vingi zaidi.

"Heri ya slava, mwenyeji! Sisi ni watu wa Miloje!"

Kila ukoo una Miloje. Mwenye nyumba, dereva wa basi mwenye masharubu, alidhani ni wa upande wa mkewe. Mke alidhani ni wa upande wa mumewe. Na kwa kuwa ndoa nyingi zinaishi kwa kutoulizana, wote wawili wakapiga kelele za furaha. Viatu vikavuliwa. Velizar akakabidhi chupa ya divai, maana mgeni haji mikono mitupu. Kila mmoja akapewa kijiko cha ngano iliyochemshwa kwa sukari, kisha samaki, kisha maharage, kisha samaki tena.

"Mmekula kidogo!" alilalamika mke.

"Mama, nimekula kama jeshi," alisema Bogna.

"Basi kula kama jeshi lililoshinda."

Wakati wa kuaga, Velizar alitangulia, na katika kupita akaichukua ile chupa yake kutoka kwenye rundo la zawadi, akaificha ndani ya jaketi. Ilikuwa na nyumba nyingine za kutembelea. Halszka alibaki akifunga kamba zake ndefu.

"Velizar anawalipa kiasi gani kwa chakula hiki?" alimwuliza mwenyeji taratibu, akisugua vidole ili aeleweke.

Dereva alicheka mpaka masharubu yakatetemeka. "Kulipa? Leo? Mama, leo hata hakimu aliyenifunga akigonga, anakula!"

Halszka alitafakari kidogo. Kisha, kiatu kimoja mguuni na kitambulisho cha Velizar mkononi, alirudi sebuleni akazungumza na meza nzima kwa dakika mbili. Aliporudi mlangoni, mama mmoja kule mezani alikuwa anajifuta macho.

Ikawa hivyo nyumba ya pili, ya tatu na ya nne. Katikati walipanda tramu, wakapiga picha makanisa, na Velizar akawaonyesha duka la mikate ambamo, kwa maelezo yake, vita viwili vilimalizika. Chupa ile ile ilitolewa mara nne na kupokelewa mara nne kwa shukrani. Na kila mara Halszka alikuwa wa mwisho kushuka.

"Shoga, viatu gani hivyo?" Ludka alimnung'unikia. "Nunua vya kuchomeka tu!"

"Hivi vina faida yake," alijibu Halszka.

Saa kumi na robo, walipotoka nyumba ya nne, Velizar alipiga paji la uso. "Kofia yangu! Nisubirini hapa, mabibi, nusu dakika."

Akaingia kwa mlango wa mbele, akatokea kwa mlango wa nyuma. Kofia ilikuwa mfukoni. Dakika thelathini baadaye alikuwa Balkanska, mbele ya kioo, mkono wake wa kulia ndani ya mkono wa koti la ngozi ya kondoo. Lilimkaa kana kwamba kondoo mwenyewe aliagiza.

"Una bahati," alisema Mzee Ljubisav. "Nilikuwa nafunga."

Simu ikaita.

"Velizar! Wamekuja!"

"Nani, mama?"

"Sijui! Watu! Dereva wa basi na shemeji zake, walimu wa muziki, mama mmoja analia ananibusu, wanasema ni watu wa Miloje! Miloje ni nani? Wako ukumbini, wako jikoni, mmoja ameketi kwenye ngazi na sahani mapajani! Mwanangu, samaki wameisha. Maharage yameisha. Na kengele bado inalia." Nyuma yake kijiko kilikuwa kinakwangua sufuria. "Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu baba yako afe, na nitakufa kwa aibu kabla ya saa kumi na mbili."

Velizar alijitazama kwenye kioo: nusu yake bwana mkubwa, nusu yake Velizar. Alikuwa anajua neno aibu limefungua milango mingapi leo. Hakuwahi kufikiri kwamba linafungua hata mlango wa kwao.

"Unalipa au unalia?" aliuliza Mzee Ljubisav.

Velizar akautoa mkono, polepole, kama anayeutoa kinywani mwa mamba. "Mzee, wauza samaki sokoni wamefunga?"

"Wanafunga sasa hivi. Na siku ya Nikola samaki hawauzwi, wanagombaniwa."

Alikimbia. Alinunua samaki wa mwisho wa muuzaji wa mwisho, na mkaangaji wa kibanda cha jirani akadai bei ambayo kwa siku nyingine ingeitwa ujambazi. Akanunua mikate, divai, jozi. Dereva wa teksi alimalizia kilichobaki. Velizar alifika Karaburma akinukia mafuta, masanduku matatu kifuani, na mifukoni upepo mtupu.

Nyumba ilikuwa inavuma kama mzinga wa nyuki. Mama Stamenka, mashavu mekundu, alimpokonya masanduku bila salamu. Na mezani, kwenye viti vya heshima, waliketi Bogna, Ludka na Halszka.

"Umechelewa," alisema Halszka, akamrudishia kitambulisho. "Tulilipia nyumba tano. Hii ndiyo ya tano."

"Mama, wewe umenitapeli."

"Nimewasomea tu anwani ya kitambulisho chako, nikawaambia kuna mama mmoja hapa amewasha mshumaa na hana mgeni. Mengine wameyafanya wao." Akachovya mkate kwenye maharage. "Siku nzima ulisema kweli mara moja tu, Velizar. Ilikuwa kuhusu vitunguu hivi."

Siku za mwizi ni arobaini. Za Velizar zilikuja zote jioni moja, na zote zimevaa makoti. Makoti yenyewe yalikuwa yamerundikwa juu ya kitanda cha mama yake mpaka karibu na dari: ya sufu, ya ngozi, mawili yenye manyoya. Velizar akalisukuma jaketi lake chini kabisa ya rundo, lisionekane. Aliyetamani moja sasa alikuwa na arobaini, na hakuna lililokuwa lake. Dereva wa basi alimkabidhi chupa ya divai yenye lebo iliyochanika pembeni. "Imetoka kwako, mtu wa Miloje. Uliisahau nyumba ya nne, mama mrefu akanirudishia."

Kelele zilipozidi, kengele ililia tena. Alikuwa Sreten wa ghorofa ya pili, na mbwa wake.

"Heri ya slava, Mama Stamenka," alisema, macho chini. Kisha akamwona Velizar. "Wewe! Kesho saa moja tunakwenda kijijini kwa shemeji yangu kukata kuni. Za kweli. Shoka moja tu, na utalishika wewe."

"Karibu samaki, Sreten," alisema Velizar.

Waliondoka mmoja mmoja, wakambusu mama mara tatu kila mtu. "Mpaka mwakani!" walisema.

"Mwakani?" Velizar alimnong'oneza mama yake.

"Aliyekuja mara moja haalikwi tena, mwanangu. Anakuja. Watoto wake nao watakuja." Mama Stamenka alikuwa anasugua sahani huku anaimba chini kwa chini. "Nasi tutakwenda kwao."

Velizar alianza kupiga hesabu ya samaki wa miaka ishirini, akaiacha njiani. Akaingia chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu, isipokuwa chini kabisa, pale lilipokuwa rundo, jaketi lake jepesi lililokuwa limelaliwa na makoti arobaini jioni nzima, bapa kama chapati.

Akalivaa. Lilikuwa na joto.