Usisuuze, Tharsisi!

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi kutoka Kasulu na ushindi ndani ya mfuko. Chupa ya dawa ya kuoshea vyombo vya pombe! Si sabuni. Dawa! Unachanganya na maji, unalowesha ndoo, madumu na mpira wa kunyonyea, unamwaga, basi. Dada Firdausi mwenye duka alirudia neno moja mpaka nikaona haya: usisuuze. Kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji, na povu lisinitishe. Kaka yake Badru ndiye aliyeileta toka Dar, ikakaa tu bila mteja. Nikamuuliza inakuwaje Mwislamu safi auze dawa ya vyombo vya pombe. Akajibu kwamba yeye anauza usafi. Nitakachotia ndani ya ndoo ni baina yangu na Mungu wangu.

Mpango wenyewe ni huu. Mzee Anania wa Busunzu anamwoza binti yake mwezi ujao. Ametaka mimi na jirani yangu Kipriani tupeleke kila mtu dumu lake la urwagwa Jumamosi. Atakayemfurahisha ndiye atakayetengeneza pombe yote ya ndizi ya harusi. Kipriani! Hapa Murungu wanamsifu kana kwamba ndiye aliyeuumba mgomba. Yangu, miaka nenda miaka rudi, huchachuka kabla mgeni hajaketi. Safari hii hapana.

Ndizi ni za shamba la mke wangu, Esteri. Amesema hii ndiyo mara ya mwisho. Zikiharibika, za mavuno yajayo atampelekea Kipriani. Alisema bila kupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ili siri isivuje, kila niliyekutana naye njiani nimemwambia chupa hii ni dawa ya kupe. Akili ninayo!

Jumanne, 15 Julai

Nimeosha vyombo. Kifuniko kimoja kwa ndoo nzima? Hicho ni kipimo cha mtu asiye na mshindani. Nikamimina kwa macho, kwa moyo mkunjufu. Nikakoroga.

Povu! Likapanda, likafurika, likatambaa uani, likammeza kuku. Kuku akatoka upande wa pili akiwa hajielewi. Upepo wa kiangazi ukalibeba juu ya ua na kulitua kwenye kanga za watu zilizoanikwa.

Majirani wakajaa. Nsabimana, fundi baiskeli, akauliza kulikoni. Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akamkumbusha: si ile dawa yake ya kupe? Wakatazamana. Wakayatazama madumu yangu ya pombe. Wakaondoka taratibu, kama watu wanaotoka mazikoni.

Nikalamba povu kidogo ili nipate uhakika. Yemwe! Kali kuliko ndimu, na ulimi ukafa ganzi. Firdausi kanidanganya. Mtu asiyekunywa atajuaje mambo ya pombe?

Jumatano, 16 Julai

Mzee Anania amepiga simu. Kwa upole mwingi ameuliza kama ni kweli naosha vyombo kwa dawa ya ng'ombe, maana wakwe watarajiwa wanatoka mbali na angependa warudi kwao wakiwa hai.

Uvumi ulianzia hadharani, basi utafia hadharani. Nimebeba ndoo, madumu na mpira hadi kijitoni, palepale akina mama wanapofulia na ng'ombe wanapokunywa, nikavisuuza mbele ya umma. Nikarudia. Nikapindua kila dumu juu chini ili waone hakuna hata tone la povu. Esteri akanikumbusha nilichoambiwa dukani. Nikamjibu kwamba hii sasa ni siasa, si usafi.

Tumekamua mchana kutwa. Ndizi zilivundikwa vizuri shimoni, juisi imetoka kama asali. Nimetia unga wa mtama uliokaangwa, nimejaza, nimefunika. Sasa ni kungoja tu.

Jioni kaja mgeni nisiyemtarajia. Kipriani mwenyewe! Mkononi kachupa tupu ka soda.

"Jirani, nisaidie," akasema, na sauti ilikuwa ndogo.

Kumbe mwezi uliopita, kwenye ubatizo, pombe yake iligeuka siki. Watu walinyamaza kwa heshima. Yeye aliimwaga nyuma ya nyumba na tangu hapo hana raha. Habari ya kupe haiamini hata kidogo. Ameniona nikiosha, anasema, na mtu anayeshika dawa ya kupe hatabasamu vile. Akaomba kidogo tu.

Hapo shetani akanishika bega. Nikamjazia kachupa, kisha nikampa maelekezo ya Firdausi neno kwa neno, uongo wote ule kama ulivyo: kifuniko kimoja, ndoo moja, loweka, mwaga, usisuuze hata tone, povu liache. Akanishika mikono yote miwili kwa shukrani. Pombe yake itanuka sabuni mpaka Kitahana!

Ijumaa, 18 Julai

Dumu langu linatoa harufu ya matumaini. Esteri kanusa, kasema ni harufu ya achari. Wanawake wana pua za kukatisha tamaa.

Ila sina raha. Ulimi wangu ulikufa ganzi kwa kulamba povu tu. Itakuwaje mtu akinywa kikombe kizima? Nimekwenda kuchungulia ua wa Kipriani. Yumo ndani, anapiga mluzi, anafunika dumu lake kama mtu anayemfunika mtoto. Akaniona. Akaniita kwa furaha, akanikalisha, akanipa ugali wa muhogo na maharage. Nilikwenda nimwambie. Badala yake nikala. Nikaongezwa, nikala tena.

Haya ndiyo matatizo ya kumhujumu mtu anayejua kupika maharage.

Jumamosi, 19 Julai

Siku nzito.

Kwa mzee Anania watu walikuwa wamejaa, na bibi harusi mtarajiwa alikuwepo. Wakaanza na dumu langu. Mzee akanywa. Akafumba jicho moja, kisha la pili. Baadaye akauliza, kwa heshima, kama nimeleta pombe au cha kutilia kwenye kachumbari. Watu wakacheka mpaka benchi likalalamika.

Ikaja ya Kipriani. Mzee akakiinua kikombe. Nikamtazama yule binti, anavyomtazama baba yake. Sijui miguu ilinipelekaje.

"Mzee, usinywe!" nikapiga kelele. "Kuna dawa mle! Nimempa mimi, na hajasuuza!"

Kipriani akanigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe.

Esteri, aliyekuja nami, akatoa simu, akampigia Firdausi, akaweka sauti ya nje, akamweleza kuhusu dumu la Kipriani.

"Alitia kiasi gani?" Firdausi akauliza.

"Kifuniko kimoja kwa ndoo," akajibu Kipriani.

"Akasuuza?"

"Sikusuuza, dada."

"Basi kunyweni, ninyi mnaokunywa. Kwa kipimo hicho, unyevu unaobaki haumdhuru mtu. Mwenye taabu ni yule anayemimina bila kupima, kisha akasuuza kwa maji ya mtoni. Huyo anarudisha uchafu uleule alioutoa. Kwani kuna mtu kafanya hivyo?"

Watu wote wakanitazama. Hata mbuzi wa mzee Anania.

Kipriani akanywa wa kwanza, kikombe kizima. Kisha mzee. Kisha kila mtu. Nami nikaonja. Niseme nini? Tamu, safi, haina hata dalili ya sabuni. Ni pombe ambayo nimeiota miaka yote, na maelekezo yake yalitoka kwenye kinywa changu mwenyewe.

Nikangoja kufukuzwa. Kipriani akasimama. Akasema dawa nimempa kwa roho mbaya, hilo kalisikia kama wote walivyolisikia. Lakini kelele nimepiga kwa roho nzuri, tena nikajiaibisha mbele ya watu, na yeye anamtaka jirani anayepiga kelele kuliko jirani anayenyamaza kwa heshima. Akamwomba mzee tufanye kazi ya harusi pamoja: yeye atengeneze, mimi nioshe vyombo. Mzee akakubali kwa sharti moja, kwamba kifuniko atakishika Esteri. Na ndizi zitakuwa za Esteri.

Machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi.

Jumanne, 22 Julai

Sifa zimeenea. Leo kaja mama Ndayikunda, anayetengeneza pombe kule Kitahana, akiuliza siri ya ile ya Kipriani. Esteri alikuwa shambani. Ningeweza kumwambia tu ukweli, lakini ukweli unauzwa dukani Kasulu na mtu yeyote anaweza kwenda kuununua. Kwa hiyo nimemweleza kwamba ni mzizi wa ukoo wetu, ambao babu alitoka nao Burundi kauficha kwenye kilemba chake, na kwamba mimi ndiye mtu pekee aliye hai anayeutambua.

Kafurahi mno. Kesho anarudi na akina mama wenzake wauone.

Nimechimba nyuma ya nyumba tangu mchana. Kabla jua halijazama nimepata mmoja mzuri, mweusi, una sura ya ukoo kabisa. Nimeutafuna kidogo kuujaribu. Mdomo umevimba upande mmoja.

Dalili njema. Dawa isiyo na nguvu haivimbishi!